Mwelekeo, tabia au chaguo?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma saikolojia na naandika kazi yangu kwa Kiswahili. Nimefika kwenye nadharia zinazoeleza kwa nini mtu huvutiwa na watu wa jinsi nyingine, wa jinsi yake, au wa zote mbili. Wenzangu huandika "tabia ya kimapenzi" au "chaguo la kijinsia". Mimi nimeandika "mwelekeo wa kijinsia". Lipi linafaa?

Jibu: Marahaba. Shikilia "mwelekeo", ila hilo "wa kijinsia" tulitazame upya.

Mwelekeo hutokana na kuelekea, si kuelekeza. Penye kuelekeza pana mwelekezaji, ndiyo maana twasema "maelekezo ya daktari". Lakini jahazi likielekea Pemba, kitenzi hakisemi kama ni upepo, mkondo au nahodha. Ukimya huo ndio unaouhitaji, kwa sababu wataalamu wanabishana juu ya hilo hasa: nini humfanya mtu aelekee upande fulani. Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi, mwaka 1905, aliona kila mtu huanza na uwezo wa kuzipenda jinsi zote mbili, kisha makuzi humpeleka upande mmoja. Simon LeVay, mtafiti wa ubongo, mwaka 1991, alitafuta jibu kwenye sehemu ndogo ya ubongo. Daryl Bem, mwanasaikolojia, mwaka 1996, alisema mtoto huzaliwa na hulka inayomfanya awaone wenzake wa jinsi fulani kuwa tofauti naye, na tofauti hiyo baadaye hugeuka mvuto. Ukiandika "chaguo" umewafunga midomo wote watatu, maana hakuna anayedai kwamba mtu hukaa akachagua. "Tabia" nayo huonekana kwa matendo, ilhali mtu aweza kuvutiwa maisha yake yote asitende lolote.

Sasa "kijinsia". Neno hili tumeshalizoea katika "usawa wa kijinsia" na "ukatili wa kijinsia", hivyo msomaji atadhani unazungumzia kuwa mwanamume au mwanamke. "Kingono" humpeleka moja kwa moja kwenye tendo. Mimi huandika "mwelekeo wa kimapenzi", na mara ya kwanza nafafanua kwamba ni mvuto wa mwili na wa moyo pia.

Na nakusihi, usiliite jambo hili "ugonjwa" kwa kauli yako mwenyewe. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliyaondoa mapenzi ya jinsi moja kwenye orodha yake ya maradhi mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafuata mwaka 1990. Ukimnukuu mwandishi wa kabla ya hapo, neno lake liache ndani ya alama za nukuu, na mwaka wake uutaje.