Mwanangu anamsubiri babu arudi na treni

Msomaji wa Yombo Vituka ameniandikia kuwa amefiwa na baba yake, mzee aliyejenga reli ya TAZARA akiwa kijana, kisha akawa gadi wa treni mpaka kustaafu. Arobaini imepita. Mwanawe wa miaka sita aliambiwa "babu amesafiri", na sasa kila honi ya treni ikilia anakimbilia mlangoni. Kaka yake anataka sanduku la bati la marehemu litolewe sadaka lote, na hataki mzee atajwe mbele ya mtoto, eti "unamtonesha kidonda". Anauliza anyamaze?

Mwanangu, pole sana kwa msiba. Nianze na kosa, sanduku litafuata.

"Amesafiri" najua ilikutoka vipi. Nyumba imejaa watu, turubai limefungwa uani, mtoto anakuvuta kanga anauliza, nawe sauti huna. Wengi tumelisema. Ila kwa mtoto wako limekaa vibaya zaidi, maana babu yake kweli alikuwa msafiri. Hata baada ya kustaafu, unasema, alipanda treni kwenda shambani Mlimba na kurudi na kiroba cha mchele. Mtoto hajakosea: babu akisafiri hurudi. Safari hii asiporudi, atadhani kamchoka.

Basi leo hii mkalishe umwambie: babu amekufa, mama alikosea kusema amesafiri, hatarudi, wala hakukukasirikia. Sema "amekufa". Usiseme "amelala", mjukuu wangu aliambiwa hivyo, wiki nzima akakataa kitanda. Wako huenda akalia. Huenda pia akauliza kama kuna wali, na kesho akarudia maswali yale yale. Mjibu yale yale.

Kisha mjomba wake ampeleke kaburini wakamwombee dua. Ndiyo, kaka yako huyo huyo. Nahisi kidonda anachokilinda ni chake.

Sanduku sasa. Nguo toeni, ni thawabu kwa mzee. Lakini vitu vya marehemu ni vya warithi wote, kaka hawezi kuvigawa peke yake. Kaeni, na uombe ubaki na filimbi na ile bendera ya kijani iliyofifia. Hata ukipewa filimbi tu, pokea.

Halafu kuna jambo umeliandika mstari mmoja ukalipita mbio: mzee alikuwa akiwagawia wajukuu karanga huku akihesabu Kichina, yi, er, san, kama alivyofundishwa na Wachina aliofanya nao kazi. Hapo ndipo ningekaa. Kwamba reli ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, mtoto atayasoma shuleni. Karanga hakuna mwalimu atakayemfundisha. Na wazee waliokuwa wakinywa naye kahawa kijiweni, wafuate na kashata, uwashe simu irekodi. Usingoje hitima ya mwaka, na wao umri umekwenda.

Umeuliza pia kama ni vibaya kulia mbele ya mtoto. Lia. Ukimaliza, kaanga karanga, mwekee mkononi moja moja, umsikilize anahesabu mpaka ngapi. Uniandikie alipofika.