Hofu ya dripu ipangiwe kalenda

Swali la wiki hii limetoka kwa msomaji wa Arusha: "Nimefanyiwa upasuaji wa titi, sasa nimepangiwa dripu za kemo Moshi. Siogopi tena saratani, naogopa dawa. Niishije na woga huu?"

Dada, pole sana. Woga wako una sababu, kwa hiyo sitakuambia usiogope. Ninachotaka ujue ni kwamba madhara ya kemo, yaani hizi dawa za kuua seli za saratani, hayaji yote kwa mkupuo. Mengi yana siku zake. Chukua kalenda ya ukutani na kalamu.

Mpango unaotumika sana huanza na dawa mbili kwa pamoja, doksorubisini na siklofosfamidi, kila baada ya siku 21, mara 4. Kisha hufuata paklitakseli, mara nyingi kila wiki kwa wiki 12. Muulize daktari wako amekupangia upi, maana siku ninazozitaja hapa ni za zile dawa mbili za mwanzo.

Siku ya 1, yaani siku ya dripu yenyewe, usishtuke: doksorubisini ni nyekundu, na mkojo utakuwa na wekundu kwa siku moja au mbili. Si damu. Siklofosfamidi nayo huchubua kibofu ikikaa humo, ndiyo maana utaambiwa unywe maji mengi na ukojoe mara kwa mara, hasa kabla ya kulala. Mkojo ukiwa bado mwekundu siku ya 3, au ukiuma, rudi hospitali. Na wakati dawa inaingia, pale sindano ilipo pakichoma au pakivimba, mwambie muuguzi papo hapo. Usivumilie kwa adabu. Doksorubisini ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama.

Kichefuchefu kina vipindi viwili: saa za mwanzo, halafu siku ya 2 hadi ya 5. Kosa kubwa ni kuweka vidonge kabatini ukisubiri utapike kwanza. Vimeze kwa saa ulizoandikiwa, hata ukijisikia mzima; kutapika kukishaanza, kuzuia ni kazi. Ondansetroni, moja ya dawa hizo za kichefuchefu, hufunga choo, basi papai na maji viwe karibu. Deksamethasoni, nyingine ya kichefuchefu, hukimbiza usingizi, kwa hiyo uliza kama unaweza kuimeza asubuhi, na kama una kisukari sema mapema kwa sababu hupandisha sukari. Kula kidogo kidogo. Mtori mlaini uliopoa kiasi hupita hata pale harufu ya kukaanga inapokushinda.

Sasa weka duara jekundu kuanzia siku ya 7 hadi ya 14. Hizo ndizo siku za kuwa macho, kwa kuwa seli nyeupe zinazopigana na vijidudu hushuka sana. Nunua kipimajoto cha dijitali duka la dawa. Joto likifika 38, au ukitetemeka kwa baridi hata kama namba iko chini, nenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku. Usimeze Panadol kwanza, itaficha homa. Wala usianze na mseto wa malaria kwa mazoea yetu ya kila homa ni malaria. Kipimo cha malaria utafanyiwa huko huko. Unachohitaji haraka ni dawa ya kuua bakteria kupitia mshipa, na kwa homa ya namna hii saa chache ni nyingi mno. Mlangoni anza na maneno haya: "Niko kwenye kemo, nina homa." Wiki hiyo acha maziwa mabichi, mgando usiojua ulivyotengenezwa, na kachumbari ya barabarani.

Vidonda vya mdomo navyo hupenda siku hizo hizo. Changanya lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko 1 cha chai cha chumvi na kijiko 1 cha chai cha baking soda. Sukutua mara 4 au zaidi kwa siku, uteme, na utengeneze mapya kila siku. Tumia mswaki laini.

Nywele huanza kutoka wiki ya 2 au ya 3. Wengi huona nafuu kuzinyoa mapema kuliko kuziokota kwenye mto. Hurudi matibabu yakiisha.

Kabla ya kila dripu utapimwa damu. Seli zikiwa chini dripu husogezwa mbele, mara nyingi wiki moja. Hiyo si dalili kwamba dawa imeshindwa. Kwa kuwa kutoka Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, uliza kama wanakubali majibu ya maabara ya karibu na kwako ya siku moja kabla, usije ukapanda basi bure. Dawa za mitishamba zitaje kwa daktari hata kama aliyekupa ni mama mkwe, maana nyingine hugombana na kemo.

Na kabla ya siku ya 7 tangu dripu ya kwanza, ongea na dereva wa teksi anayelala jirani, mwachie namba yako, na weka nauli ya usiku pembeni pamoja na kadi ya kliniki na daftari la dawa zako.