Aliua, Lakini Hakubeba

Swali la wiki hii lilitaka kujua kama aliwahi kuwapo ndege mwenye uwezo wa kumnyakua mtu na kupaa naye, kama mabaharia wa zamani walivyosimulia kuhusu rukh. Kumbeba mtu mzima, jibu langu ni hapana. Hata hivyo alikuwapo ndege aliyeua mawindo yenye uzito mara mbili au tatu ya mtu, na ushahidi wake si hadithi bali ni mifupa.

Ndege huyo ni tai wa Haast, aliyeishi Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi. Mifupa yake ilichimbuliwa mwaka 1871 katika kinamasi cha Glenmark, jimboni Canterbury, na mwaka uliofuata Julius von Haast, aliyekuwa mkuu wa makumbusho ya huko, akamtambulisha kwa wanasayansi. Jike, ambaye kwa jamii ya tai ndiye mkubwa kuliko dume, alikuwa na kilo 10 hadi 15. Tai mwenye ushungi, anayekamata kima katika misitu ya Afrika Mashariki, kwa kawaida hafiki hata 5. Ajabu ni kwamba mabawa ya tai wa Haast, ambayo yakitandazwa yalifikia kama mita 2.6, yalikuwa mafupi kwa mwili mzito namna ile, umbo linalomfaa ndege anayewinda penye miti na vichaka.

Aliwinda moa, ndege wasioruka waliokula majani na matawi, ambao majike wa aina kubwa kabisa walizidi kilo 200. Zimepatikana nyonga za moa zenye matundu yaliyotobolewa na kucha, tena yamepenya mfupa wenyewe na si nyama tu. Wataalamu wanayasoma kwamba tai alishuka kwa kasi kutoka ubavuni, akaukita mguu mmoja kwenye nyonga, na kwa mguu wa pili akashambulia shingo au kichwa. Hakuwa na haja ya kumwinua moa, kwa kuwa hapakuwa na fisi wala chui wa kumpokonya, na aliweza kula palepale alipoangusha. Utafiti wa mwaka 2021 uliopima fuvu lake ulionyesha kwamba aliua kama tai lakini alikula kama tumbusi, akizamisha kichwa ndani ya mzoga kufuata matumbo.

Alikuaje mkubwa kiasi hicho? Visiwa vile havikuwa na mamalia wa nchi kavu isipokuwa popo, hivyo nafasi ambayo kwetu imeshikwa na simba na chui ilikuwa wazi. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2005 ulibaini kuwa ndugu zake wa karibu ni tai wadogo, akiwamo mmoja mwenye uzito wa takriban kilo moja tu ambaye huja Afrika Mashariki kukimbia baridi ya Ulaya. Kwangu mimi hilo linastaajabisha kuliko ukubwa wenyewe.

Lakini tai anayetegemea moa huishi kadiri moa wanavyoishi. Mababu wa Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, walifika katika karne ya 13, wakawinda moa na kuchoma misitu, na katika muda wa karne mbili hivi moa wakawa wamekwisha, na tai pamoja nao. Sioni ulazima wa kudai kwamba watu walimwinda sana tai mwenyewe. Kumwondolea chakula kulitosha.

Wamaori wanasimulia habari za pouakai, ndege mkubwa aliyechukua watu, na wengi wanaamini kuwa ndiye huyu. Sehemu ya kuchukua watu naiachia hadithi. Ama kuua, kucha zilizotoboa nyonga ya moa zisingeshindwa na mtoto, wala hata na mtu mzima aliyekutwa peke yake mahali pa wazi.