Jibu: Kutoka uhandisi kwenda utafiti ugenini

Mdogo wangu wa Kondele, umeuliza kama ukiacha uhandisi wa umeme hapa Kisumu ukasomee fizikia Marekani utakuwa umetupa miaka yako ya chuo, na kama mgeni anaweza kufungua kampuni kule. Mwangalie An Wang, mvumbuzi wa kompyuta. Alizaliwa Shanghai 1920, akahitimu uhandisi wa umeme 1940, akafika Marekani 1945. Kufikia 1948 alikuwa na udaktari wa fizikia kutoka Harvard.

Kazi yake ya maabara ndiyo inayonivutia zaidi. Kompyuta za wakati ule zilihitaji kumbukumbu, na pete ndogondogo za sumaku zingeweza kuihifadhi: sumaku ikielekea huku ni moja, ikielekea kule ni sifuri. Taabu ni kwamba ukiisoma, inafutika. Wang akasema basi ifutike, mradi uiandike upya papo hapo. Kwangu mimi hayo ni mawazo ya fundi, tena fundi hodari. Uhandisi wake haukupotea hata kidogo.

Mwaka wa 1949 aliomba hataza ya mbinu hiyo, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, kwa jina lake mwenyewe. Mwaka wa 1951 akafungua Wang Laboratories mjini Boston kwa akiba ya dola 600, kisha hataza ile akaiuzia IBM, kampuni kubwa ya kompyuta, kwa dola 500,000.

Kwa hivyo nenda. Ila kabla hujatia saini karatasi yoyote ya ufadhili, uliza wazi uvumbuzi utakuwa mali ya nani. Na ile pampu ya sola uliyoitaja, michoro na vipimo vyake viandike kwenye daftari moja, kila ukurasa na tarehe yake.