Nanunua siku, sinunui mwezi

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama ada ya jimu ni pesa ya maana kwa mtu ambaye mfuko wake umebana. Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma, kibanda changu kipo jirani na soko la Majengo. Hiyo ada nimeshailipa, nikaijutia, kisha nikarudi kwa mlango mwingine.

Nilianza mwaka jana baada ya mgongo kunikamata. Kutwa nzima nimeinamia cherehani, zahanati wakaniambia niupe mwili kazi. Nikachomoa 40,000 kwenye pesa ya sare za shule, nikapewa kadi yenye picha ya mwanamume kifua wazi. Mwezi ule nilikwenda mara tatu. Ni zaidi ya shilingi 13,000 kwa kila mara, na bado bodaboda ya kwenda na kurudi, 2,000. Nilipoomba siku zilizobaki zisogezwe mbele, kijana wa mapokezi akageuza kadi, akanionyesha maandishi madogo kwa kucha: siku usiyokuja haifidiwi.

Mama mdogo ninayekaa naye Chang'ombe alicheka mpaka akakaa chini. "Unalipa ukanyanyue vyuma, na ndoo za hapa anyanyue nani?"

Nusu ya maneno yake ni kweli. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji, na yeye huitwisha bila kuishika. Ila ndoo ni ileile kila siku; mwili ukishaizoea, nguvu haziongezeki tena. Jimu unachonunua hasa ni nafasi ya kuongeza: leo kilo 10, mwezi ujao 12 na nusu, na mtu wa kukuambia "dada, nyoosha mgongo" kabla hujajiumiza. Kwa mgongo wangu hilo lilikuwa na thamani kuliko mashine zote za kukimbilia walizozipanga dirishani.

Kutembea, je? Hapo hanilipishi mtu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili au zaidi za kuipa misuli kazi. Kutoka nyumbani hadi kibandani ni nusu saa kwa mguu. Siku tano za kwenda tu zinatimiza dakika 150, na nauli imebaki kwenye pochi. Zinabaki zile siku mbili za misuli, na ndizo ninazolipia: jimu ya mtaani kwetu, 3,000 kwa siku, Jumanne na Ijumaa, naifikia kwa miguu. Kwa mwezi inanitoka 24,000 au 27,000. Wateja wakiadimika nabaki uani na madumu mawili ya lita tano niliyoyajaza maji, wala sidaiwi.

Maana pesa ya fundi haiji kwa mwezi. Desemba na Januari unakesha na sare, Machi unafukuza nzi. Ada ya mwezi ilitungwa kwa mtu wa mshahara (na tangu serikali ihamie huku, hao hatuwakosi).

Najua wapo watakaoandika: kimbia barabarani, ni bure. Kaka zangu, ni bure kwenu. Mimi nafunga kibanda saa kumi na mbili na nusu, giza linaingia. Nikivaa suruali ya mazoezi, kila kijiwe cha bodaboda kina la kusema. Julai na Agosti upepo wetu nao unaamka, unafika nyumbani unatafuna mchanga. Jumamosi asubuhi tukiwa kundi la wanawake sita, saba, hapo sawa, tunakimbia tunacheka. Lakini jioni nikiwa peke yangu, ile 3,000 inalipia pia mlango unaofungwa na taa inayowaka. Msiniambie hiyo ni anasa.

Anayetaka kulipa ya mwezi asiende kukagua saa nne asubuhi wakati pamelala. Aende Jumatatu saa kumi na mbili jioni, aone foleni ya vyuma ilivyo, afungue bomba la chooni aone kama linatoa maji. Akiambiwa hakuna kulipa kwa siku, aage kwa heshima.

Hesabu yangu imeandikwa kwa chaki ya nguo ukutani, juu ya cherehani: 40,000 gawa kwa 3,000. Inakuja 13 na vipande, kwa hiyo mwezi nitakaoweza kwenda mara 14 nitalipa ya mwezi mzima bila kusita. Mpaka leo rekodi yangu ni mara 11, tena ni mwezi ule jirani yangu alikuwa anajiandaa kuolewa, akawa ananigongea mlango yeye.