Bodh Gaya: mti ni ule ule?

Ndugu, umeuliza kama Bodh Gaya ya India imebaki na maana ile ile tangu Buddha apate nuru pale, chini ya mti. Hapana. Mfalme Ashoka wa India alipatukuza karne ya 3 KK. Wabudha walipopungua, watawa wa Kihindu wakalishika hekalu la pale, na wao humheshimu Buddha kama mungu wao Vishnu aliyeshuka duniani, kwa hiyo hawakujiona wageni. Mwaka 1891 Anagarika Dharmapala, mwanaharakati wa Kibudha wa Sri Lanka, akaanza kudai lirudi kwa Wabudha. Sheria ya 1949 ikaunda kamati ya pande zote mbili, na mvutano haujaisha. Hata mti wenyewe ulipandwa upya karne ya 19, lakini mahujaji huokota kila jani linaloanguka, wakalihifadhi kwa upendo.