"Alikuwa akisoma": je, nafsi imerudiwa bure?

Hapana, hiyo a- ya pili si maneno ya ziada. Kitenzi kisaidizi "kuwa" hubeba wakati (-li-), na kitenzi kikuu hubeba hali ya tendo (-ki-, -na-, -me-), kwa hiyo kila kimoja lazima kiwe na kiambishi chake cha nafsi. Ukiandika "alikuwa soma" sentensi imevunjika. Ni tofauti na "anaweza kusoma", ambako kitenzi cha pili hubaki na ku- tu.

Wengi huteleza kwenye vitenzi vya silabi moja. Baada ya -na- ile ku- hubaki: "alikuwa anakula". Baada ya -ki- huondoka: "alikuwa akila". Ukiandika "alikuwa akikula", msomaji anaelewa kwamba wewe ndiye uliyekuwa unaliwa!

Kirejeshi (-cho-) hukaa kwenye kisaidizi, kiambishi cha mtendwa (-ki- ya pili) kwenye kikuu: "kitabu alichokuwa akikisoma". Kwa ukanushi, "alikuwa hajafika" ndiyo iliyozoeleka zaidi. "Hakuwa amefika" pia ni sahihi.

Maneno ya ziada ya kweli yako kwingine: "walifanya zoezi la uchunguzi wa chanzo cha moto". Andika "walichunguza chanzo cha moto", umemaliza. Lugha ya ripoti imejaa hizi "kufanya" na "zoezi la", na zinamchosha msomaji bila sababu. Ila "kufanya" si adui kila mahali: "kufanya kazi" na "kufanya biashara" ziacheni zilivyo.